Ardhi ya Pemba na Mipaka ya Mkarafuu



Mara kwa mara hutujia mwanachama akauliza swali hili: "Mimi na jirani yangu tulitwaa miche kitalu kimoja, siku moja, tukaipanda masika moja. Yake imesimama, yangu imekufa. Kanizidi nini?" Swali hili ni la haki, wala si la kuonea haya. Jibu lake mara nyingi si mkono mzuri wala bahati. Jibu liko chini ya mche, katika ardhi yenyewe. Kwa hiyo tumeona yafaa katika toleo hili tuitazame ardhi ya kisiwa chetu sehemu kwa sehemu, tujue ipi ni ya mkarafuu na ipi si yake. Tukishajua hayo tutaona pia kwamba ile iliyo ya mkarafuu ni kidogo kuliko tunavyodhani, na kwamba ikipotea hapana nyingine.

KISIWA KILICHOJITENGA

Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, kutoka Ras Kigomasha kaskazini mpaka ncha za kusini, na upana wake palipo papana ni kilomita 22 hivi. Eneo lake lote halifiki kilomita za mraba 1,000. Mtu mwenye miguu mizuri akitoka Wete baada ya sala ya alfajiri akashika njia ya mashariki, jua halijafika utosini atakuwa ameona bahari ya upande wa pili. Lakini katika mwendo huo mfupi atakuwa amepita ardhi za namna nne, na kila moja ina desturi yake.

Wengi wetu tumezoea kusema Unguja na Pemba ni pacha. Kwa damu na dini ndivyo, kwa ardhi sivyo. Bahari iliyo baina ya Unguja na bara ni ya kina kidogo, mita makumi tu. Yapata miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu, bahari ilishuka zaidi ya mita 100, na Unguja ikawa imeungana na bara. Ndiyo sababu chui walikuwako Unguja, na kima punju wako mpaka leo. Mkondo wa Pemba si hivyo. Kina chake ni mamia ya mita, na hata bahari iliposhuka kiasi kile haukukauka. Pemba ilikwisha kujitenga zamani mno kabla ya hapo. Ndiyo maana sisi tuna popo wetu mkubwa asiyepatikana pengine popote duniani, na ndege wanne wasio na kwao kwingine, miongoni mwao ninga wa kijani na bundi mdogo wa Pemba. Kima punju walioko Ngezi ni wageni. Waliletwa kutoka Jozani katika miaka ya 1970.

Je, mambo haya yamhusu nini mwenye mikarafuu? Yamhusu sana. Sehemu kubwa ya ardhi ya Unguja, hasa kusini na mashariki, ni jiwe la matumbawe. Pemba nayo, katika magharibi na katikati, imejengwa kwa mchanga, tope na mfinyanzi vilivyotulia chini ya bahari mamilioni ya miaka, kisha vikainuka. Mwanajiolojia G. M. Stockley aliieleza miamba ya visiwa hivi katika ripoti yake ya mwaka 1928, na katika miamba hiyo kuna matabaka aliyoyapa majina ya Wete na Chake Chake. Matabaka hayo, yakipata mvua na jua kwa muda mrefu, huoza yakawa udongo wenye kina. Waarabu walipokiita kisiwa chetu Jazirat al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, hawakuwa wakitusifu bure.

HORI ZA MAGHARIBI

Basi na tuanze safari yetu kutoka magharibi. Pwani ya upande huu haikunyooka. Imekatwakatwa na hori zinazoingia ndani ya nchi kama vidole vya mkono. Chake Chake, ingawa iko katikati ya kisiwa, imekaa kwenye kichwa cha hori ndefu, na zamani majahazi yalikuwa yakingoja maji kujaa ili yafike karibu na mji. Wete inakingwa na Kisiwa cha Fundo. Mkoani ina maji ya kina, na ndipo zinapofunga meli kubwa. Mbele ya Ras Mkumbuu kuna Misali, ambako wavuvi wetu wengi hupata riziki.

Ukingoni mwa hori hizi imesimama mikoko. Mtu wa karafuu huweza kusema, "Mikoko ni mambo ya wavuvi na wakata boriti." Tunamsihi asiseme hivyo. Mikoko ndiyo inayoizuia chumvi isipande bondeni, na ndiyo inayolishika tope litokalo vilimani. Tutarudi kwenye jambo hili hapo mbele.

VILIMA: ARDHI YA MKARAFUU

Ukiiacha mikoko, ardhi hupanda ghafla. Vilima vya Pemba si virefu. Hapana kinachopita sana futi 300. Lakini ni vingi, vimesongamana, na miteremko yake ni mikali. Aliyewahi kusafiri kwa gari kutoka Chake Chake kwenda Mkoani anajua: njia yapanda, yashuka, yapinda, na abiria hakai sawa mpaka afike.

Hapa ndipo kwao mkarafuu. Udongo wa vilima ni mwekundu au wa hudhurungi, una kina, na una mchanganyiko mzuri wa mchanga na mfinyanzi. Mvua ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, na ile ya vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, hunywewa ikaingia chini, wala haitwami. Mkarafuu wataka mambo haya mawili kwa pamoja: mvua nyingi na miguu mikavu. Ukiunyima mvua hauzai. Ukiusimamisha majini hufa. Kilimani hupata yote mawili, kwa kuwa mteremko huondoa maji yaliyozidi na kina cha udongo huweka akiba ya kutumia wakati wa kiangazi.

Historia nayo yafaa ikumbukwe. Mikarafuu ililetwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19, nayo kwanza ilistawishwa zaidi Unguja. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kilipita Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikudhurika sana. Tangu wakati huo watu wakaitazama Pemba kwa jicho jingine, wakapanda kwa wingi, na kisiwa chetu kikawa ndicho mama wa zao hili. Mpaka leo zaidi ya robo tatu ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba. Kimbunga kiliifungua njia, lakini kama vilima vyetu vingekuwa jiwe tupu, njia hiyo isingefika popote.

MABONDE

Baina ya kilima na kilima kuna bonde. Mabonde yetu ni membamba, mara nyingi yana kijito au chemchem, na chini yake pana udongo mweusi wa kinamo unaonata miguuni. Hapa maji hukaa, na kwa hiyo hapa ni kwa mpunga. Bibi zetu walijua siku nyingi kabla ya kuja bwana shamba kwamba mpunga ni wa bondeni, muhogo na migomba ni ya ubavuni, na mkarafuu ni wa juu.

Lakini wengi wetu siku hizi, kwa kuwa shamba ni dogo na miche tumepewa mingi, tumeteremka na mikarafuu mpaka ukingoni mwa bonde. Mche hupendeza mwaka wa kwanza na wa pili, kwa sababu pana unyevu. Kisha mizizi huyafikia maji yaliyotwama, majani hugeuka manjano, na mti hufa ukiwa bado haujamrudishia mwenyewe hata kikapu kimoja. Nasi kwenye chama hatuna budi kukiri kosa letu: mara nyingi tumehesabu miche iliyotoka kitaluni, hatukuuliza inakwenda kupandwa wapi.

MAWENI YA MASHARIKI NA KASKAZINI

Tukiendelea kwenda mashariki, vilima hupungua, ardhi hunyooka, na mara jembe lagonga jiwe. Hapa tumeingia maweni. Jiwe hili ni matumbawe ya zamani yaliyoinuka kutoka baharini. Udongo wake ni mchache, umejificha katika mashimo na nyufa za jiwe, na maji ya mvua huzama papo hapo yasionekane tena. Maweni yametanda pwani ya mashariki, na yameshika sehemu kubwa ya rasi ya Micheweni kaskazini-mashariki, upande wa Kiuyu na Maziwa Ng'ombe.

Wenyeji wa huko si wavivu, kama wasemavyo wasiojua. Wanalima mtama, kunde na viazi katika vijishimo vya udongo, wanafuga, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kilimo cha mwani kilipoingia Zanzibar, wanawake wengi wa pwani wamepata kazi ya kuwaletea shilingi. Wavuvi wa Kojani wanajulikana mwambao mzima kwa kwenda dago. Na msimu wa karafuu unapofika, wengi wa watu hawa huja vilimani kuchuma. Hivyo karafuu ya kilimani hulisha maweni pia. Lakini mkarafuu wenyewe haukai huko. Mzizi wake hauwezi kutoboa jiwe, na kiangazi cha maweni hauwezi kukistahimili.

Kaskazini-magharibi pana msitu wa Ngezi, karibu na Konde, uliowekwa kuwa hifadhi mwaka 1959. Ni mabaki ya misitu iliyokifunika kisiwa kabla ya mashamba yetu. Mwanachama atakayekwenda huko ataona jambo la kumfunza. Penye udongo mzuri miti ni mirefu hata jua halifiki chini. Akiingia katikati, pahali fulani atakuta mchanga mweupe, na papo hapo miti mirefu yakoma, pamebaki vichaka vifupi. Mvua ni ile ile na jua ni lile lile. Kilichobadilika ni udongo tu. Kama msitu wenyewe, ambao haukupandwa na mtu, hutii mpaka wa udongo, sisi ni nani tuuruke?

HESABU YA ARDHI

Sasa tufanye hesabu. Tukitoa maweni, tukatoa mabonde, tukatoa mikoko, miji na njia, ardhi ya mkarafuu iliyobaki ni vile vilima vya magharibi na katikati basi. Haiongezeki. Watu nao waongezeka: hesabu ya mwaka 2002 ilikuta Pemba watu kiasi cha 362,000, ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 540,000. Mashamba ya eka tatu tatu yaliyoanza kugawiwa mwaka 1965 leo yana wajukuu, na kila mjukuu ataka pa kulala.

Hapa ndipo palipo na hatari tunayotaka kila mwanachama aione. Njia zetu hupenda migongo ya vilima, kwa kuwa bondeni ni tope. Nyumba nazo hupenda kuwa karibu na njia. Kwa hiyo kila kiwanja kinachokatwa leo hukatwa kwanza pale pale kwenye udongo bora wa mkarafuu, si maweni. Mti mmoja waangushwa kwa ajili ya msingi, wa pili kwa ajili ya kivuli kilichozidi, wa tatu huchomwa mkaa, kwani mkaa wa mkarafuu una soko. Wazee walisema: bandu bandu huisha gogo. Katikati ya karne ya 20 iliwahi kutokea miaka ambayo Zanzibar ilitoa zaidi ya tani 20,000 za karafuu. Miaka yetu hii hatufiki hata nusu ya hiyo. Bei, maradhi na uzee wa miti vina sehemu yao katika upungufu huo. Lakini mti uliokatwa pahala pake pakajengwa hauna dawa.

Wala hasara haiishi kilimani. Mteremko ukivuliwa miti, mvua ya masika hupiga udongo mtupu. Udongo mwekundu, ambao ndio mali yenyewe, huteremka ukafunika kinamo cha bondeni kwa mchanga, na mpunga ukadhoofika. Chemchem iliyokuwa ikitoka chini ya kilima hupungua, kwani maji hayakupata nafasi ya kuzama. Tope lililobaki hufika horini likasonga mizizi ya mikoko. Mikoko ikifa, au ikikatwa, bahari hupata mlango. Na bahari siku hizi inapanda, kwa kuwa dunia inapata joto. Kusini, Kisiwa Panza, maji ya chumvi yamekwisha kuingia katika mashamba ya watu, na wenyeji wamekuwa wakipanda mikoko upya ili wayazuie. Haya si mambo ya mbali. Mtu aliyekata mkarafuu wake juu, na mtu aliyepoteza mpunga wake chini, huenda ni watoto wa mama mmoja.

TUFANYEJE?

Hatupendi kumwachia mwanachama hofu tupu. Yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu, nayo hayataki fedha nyingi.

Kwanza, kabla hujapanda mche, pima ardhi. Chimba shimo la kina cha kufika kiunoni wakati wa mvua. Ukigonga jiwe, si pahala pa mkarafuu. Shimo likikaa na maji siku ya pili na ya tatu, si pahala pake pia. Panda mpunga au migomba. Shimo likinywa maji na udongo wake ukawa mwekundu mpaka chini, hapo panda, na umshukuru Mungu kwa ulichopewa.

Pili, tujaze mapengo kwanza. Palipokufa mti mzee kilimani ndipo pa kutia mche mpya, kabla ya kwenda kuutafutia pahala penye shaka. Mche mchanga upewe kivuli cha mgomba au cha muhogo, kwani jua kali la wakati wa kaskazi huua miche mingi kuliko tunavyokubali.

Tatu, tuushike udongo wa mteremko. Tulime kwa kukata mteremko, si kwa kuufuata kutoka juu kwenda chini. Tuweke matuta, au mistari ya majani na mananasi, kila baada ya hatua kadhaa. Magugu yafyekwe, yasichomwe, na yaachwe chini yaoze. Shamba lililosafishwa mpaka likang'ara kama uwanja wa mpira humpendeza mpita njia, lakini mvua nalo hulipenda pia.

Nne, tusiguse miti iliyo juu ya chemchem, wala mikoko iliyo chini ya bonde. Mwenye shamba kilimani na mwenye bonde wakae pamoja kila kabla ya masika wazungumze maji yatapita wapi. Sheha akiwapo, ni bora zaidi.

Tano, na hili ndilo zito kuliko yote: familia zizungumze mapema juu ya pa kujenga. Tunajua kijana lazima aoe, na akioa lazima apate pa kukaa. Hatusemi asijenge. Twasema baba na wanawe watembee shamba lote pamoja kabla ya kukata kiwanja, watafute kipembe chenye jiwe au udongo hafifu, na ule mgongo wa kilima wenye udongo wa kina wauache kwa miti. Nyumba yaweza kusimama juu ya jiwe, tena jiwe huifaa, mkarafuu hauwezi. Mti uliotunzwa huweza kumlisha mtu na mwanawe na mjukuu wake. Iko mikarafuu Pemba ambayo walioipanda hatujui tena majina yao, nasi twaichuma kila msimu.

KUMJIBU ALIYEULIZA

Sasa twaweza kumrudia yule mwanachama aliyeuliza jirani yake kamzidi nini. Tunamwomba achukue jembe, aende mpakani baina ya mashamba mawili, achimbe shimo moja upande huu na jingine upande ule. Akikuta udongo ni mmoja, basi na ajiulize juu ya kivuli na palizi, na aje kwetu tutazame pamoja. Lakini akikuta upande wa jirani ni mwekundu wenye kina, na upande wake ni kinamo kilichotwama maji, ajue hakuzidiwa. Shamba lake ni la mpunga, naye amelidai karafuu. Alitendee haki yake, nalo litamtendea yake.

Masika hayako mbali. Mashimo yachimbwe sasa, kabla ya miche kutoka kitaluni. Na katika mkutano wa tawi lako, usitaje tu idadi ya miche uliyopanda. Wataje wenzako pia umeipanda wapi. Nasi tutaandika.